Aliyelala Chumba Namba Nne

"Anayesafiri na chakula chake hamsifu mpishi wala hamlaumu," alisema Revocatus, akafungua kitambaa chenye mihogo ya kuchemsha na karanga.

Justa akacheka. Walikuwa wamekaa juu ya magunia ya chumvi kwenye sitaha ya chini, daraja la tatu, meli ikielekea Nansio. Mbele yao mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye nguzo, na kila meli ilipoyumba mmoja wao alimwangalia Justa kana kwamba yeye ndiye nahodha.

"Fundi, wewe ungeweza kwenda Ulaya kwa nauli ya kwenda hapo Kisesa," alimtania.

"Ningefika, ila ningechelewa."

Miaka sita Justa alikuwa karani wa masjala katika shirika moja la umma pale Mwanza, hadi shirika lilipopunguza watu na kumpa cheti cha shukrani. Mwaka ule wa tisini na tano alikuwa akiuza nguo za mitumba katika soko la Mlango Mmoja. Revocatus alikuwa fundi wa majokofu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Alikuja kibandani kwake mwezi wa pili akitafuta shati, na Justa akamchagulia la bluu lililomkaa mabegani kama lililoshonwa kwa kipimo chake. Juma lililofuata akarudi kutafuta suruali, na juma la tatu akaja mikono mitupu akasema hatafuti kitu. Tangu siku ile walikuwa wametembea sana na kushikana mikono sana, basi. Safari hii ya siku mbili kisiwani ndiyo ingekuwa mara yao ya kwanza kulala chini ya paa moja. Justa alilijua hilo, na moyo wake ulikuwa unalijua zaidi.

Mama yake, Dorcas, pale Buswelu, alikuwa amesema neno moja tu.

"Kila mtu ana jana yake. Huyu fundi wako jana yake iko wapi? Umri ule hana mke, hana mtoto, hana hata picha ukutani."

"Mama, wanaume wengine wanachelewa."

"Anayechelewa hutoa sababu. Muulize."

Hakumuuliza. Mapenzi yana tabia hiyo, humfanya mtu mwerevu akaogopa swali dogo.

Karibu na kisiwa meli ilipunguza mwendo. Magugu maji, yale majani manene yaliyoingia ziwani miaka ya karibuni, yalikuwa yametanda mbele ya gati kama shamba. Mabaharia wawili walisimama omoni, mbele ya meli, na miti mirefu wakiyasukuma, na meli ikapenya polepole. Justa aligeuka kutazama walikopita. Njia iliyofunguliwa na meli ilikuwa inajifunga yenyewe, jani kwa jani, bila sauti.

"Usiyaangalie hayo," Revocatus alimwambia. "Angalia mbele."

Upepo uliingia ndani ya shati lake la bluu ukalijaza. Justa aliona shati limekuwa kubwa, akadhani ni upepo.

*

Gatini palinuka dagaa na machungwa. Mwendesha baiskeli mmoja, mrefu, aliyeitwa Ngosha na kila aliyepita, aliwawahi.

"Dada, panda! Gesti kwa Bi Mwaija ni kupepesa jicho."

"Tuna miguu," Revocatus alisema.

"Yako naiona, kaka. Ya dada inaomba msaada." Halafu Ngosha akainamisha kichwa, akamtazama vizuri. "Kaka, wewe si nilikubeba mwaka jana? Wewe na mwenzako?"

"Umenifananisha."

"Haya. Duniani wawili wawili."

Walitembea. Njia ilipita kwenye mchanga mweupe ambapo dagaa walikuwa wameanikwa, na ziwa lilikuwa la kijani ya chupa, tulivu, limejaa jua. Mahali pazuri vile, na bure. Justa alitaka kusema hivyo, lakini Revocatus alikuwa ameongeza mwendo, na mkono wake, uliokuwa umeshika wa Justa tangu gatini, ulikuwa baridi.

Gesti ilikuwa nyumba nyeupe yenye vyumba vinane vilivyozunguka ua, na nyuma yake ufuko. Bi Mwaija, mwenye gesti, alikuwa mama mtu mzima wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Ujiji zamani. Alikuwa amekaa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi mkubwa," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu." Vidole vyake vikasimama katikati ya mchele. "Karibu tena, baba."

"Ndiyo mara yangu ya kwanza hapa, Bi mkubwa."

Bi Mwaija alimtazama kwa kitambo. "Basi macho ya uzee. Nitawapa namba saba. Dirisha linatazama ziwa, na bei yake ni ndogo kwa sababu mlango unalia."

"Tunaomba namba nne," Revocatus alisema.

"Namba nne inatazama ukuta wa choo."

"Hiyo hiyo."

"Na bei yake ni kubwa, kina kitanda kipana."

"Haidhuru."

Justa alimgeukia. Mtu huyu alikuwa amebeba mihogo toka Mwanza ili wasinunue chai ya melini. Mtu huyu alikataa baiskeli. Leo anakataa chumba chenye ziwa, cha bei ndogo, anataka chenye ukuta wa choo?

"Revo, mbona saba ndiyo nzuri?"

"Nimechoka, Justa. Nne iko karibu." Hakumtazama. "Jaza kitabu, mwandiko wako ndio mzuri. Mimi nakwenda kuonja maji." Akaweka mabegi kwenye benchi, akapita uani kwenda ufukweni.

Bi Mwaija alileta kitabu cha wageni, akaweka juu yake ufunguo uliofungwa kwenye kibao cha mti chenye namba nne. Alionekana kama mtu mwenye neno mdomoni, lakini akarudi kwenye mchele wake.

Justa alichora mistari kwa rula kichwani, kama zamani. Jina. Kabila. Kazi. Utokako. Namba ya chumba. Uendako. Tarehe ya kuondoka. Akajaza safu moja baada ya nyingine, jina lake na la Revocatus, mpaka akafika Uendako, na hapo akasita, kwa kuwa hakujua waandike Mwanza au waandike Rubya, walikopanga kwenda kesho kuuona msitu. Karani wa masjala akisita hutazama wenzake wa nyuma wameandikaje. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kitabu kilikuwa kikubwa na wageni walikuwa haba, miezi ikapita chini ya vidole vyake upesi, mpaka Juni ya mwaka jana.

Mwandiko ule aliujua. Herufi ya R yenye mkia mrefu, aliyoiona kwenye vikaratasi vinne alivyovihifadhi ndani ya Biblia.

Revocatus, fundi, atokako Mwanza, chumba namba nne. Uendako: Mwanza. Kuondoka: 19 Juni.

Chini yake, kwa mwandiko ule ule: Paskazia, mkewe. Atokako Mwanza, chumba namba nne. Safu ya Uendako ilikuwa tupu. Safu ya kuondoka ilikuwa tupu pia.

Jua lilikuwa kali barazani, lakini Justa alihisi baridi ikipanda toka kwenye sakafu.

"Mwanangu," Bi Mwaija alisema taratibu, "vitabu vya gesti havisomwi kinyumenyume."

"Huyu Paskazia alikwenda wapi?"

"Hakwenda. Alitolewa." Bi Mwaija aliweka ungo chini. "Ndani ya kanga yangu. Alikuja amekonda kama ufito, anakohoa. Mumewe alimleta abadilishe hewa. Alikuwa akimbeba mgongoni mpaka majini, anamwogesha kama mtoto. Nisimsingizie, alimpenda. Siku ya tano nikasikia analia mle namba nne. Si mwanamke aliyekuwa akilia."

"Kwa nini amesema hajawahi kufika?"

Bi Mwaija alitazama njia ya ufukweni, akashusha sauti.

"Mimi si wa makabila yenu, lakini kisiwa hiki nimekikalia miaka arobaini. Wapo wanaume waliofiwa na wake ambao hurudi mwaka ukikaribia kwisha. Huja na mwanamke asiyejua kitu. Huomba chumba kile kile na kitanda kile kile. Asubuhi mwanamume huamka mwepesi, na mwanamke huondoka nao."

"Nao nini?"

"Mkosi. Mauti ya yule wa kwanza. Ndivyo wanavyosema wao. Mimi najua tu ninachokiona." Alinyanyua vidole vitatu. "Huyu wako ni wa tatu kuja kwangu kwa shughuli hiyo. Wawili wa kwanza nilinyamaza, nikasema mgeni ni mgeni. Mmoja alimleta binti wa hapa hapa Nansio, mnene, mcheshi. Tumemzika mwezi wa tatu, na alikuwa amekonda vile vile kama ufito."

Kutoka ufukweni sauti ya Revocatus ilisikika ikiita, "Justa! Njoo! Maji haya hayana kiingilio!"

"Meli inarudi Mwanza saa tisa," Bi Mwaija alisema, akauchukua tena ungo. "Mimi nachambua mchele. Sijasema kitu."

*

Alimkuta ndani ya maji mpaka magotini, suruali ameikunja, shati limelowa kifuani. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile Justa alilipenda hata sasa, hata baada ya kitabu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Ingia. Unaogopa kichocho?"

"Revo, Paskazia alipenda kuoga hapa?"

Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka. Wimbi dogo likapiga miguu yake, likarudi.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Umeandika kwa mkono wako."

Alitoka majini polepole, akasimama mbele yake bila kumgusa.

"Ningekwambia."

"Lini? Kesho asubuhi?"

Ndege mweusi alipiga mbizi karibu nao, na wote wawili wakamsubiri aibuke, kana kwamba yeye ndiye angejibu.

"Ndugu zangu walinikatalia," Revocatus alisema hatimaye. "Niliwaambia habari zako. Nikawaomba wapeleke barua ya posa kwa mama yako. Mjomba akasema hakuna atakayeibeba mpaka nitoe mkosi. Mwaka hautakiwi kuisha kabla haujatoka. Unaisha Jumatatu."

"Na mkosi unatolewaje?"

"Unajua."

"Nataka useme. Mimi ni karani. Kisichosemwa wala kuandikwa, kwangu hakipo."

Alitazama mchanga. "Unalala na mwanamke pale marehemu alipolala mara ya mwisho. Asiwe wa ukoo wako. Asijue. Halafu unaachana naye, msionane tena."

"Msionane tena." Justa alirudia maneno yale kama anayeonja dawa. "Basi niambie mimi ni yupi. Ni yule wa barua ya posa, au ni yule wa kutoonana tena?"

"Wewe ndiye ninayetaka kukuoa! Haki ya Mungu, Justa! Walinitafutia mwingine. Mwanamke mmoja muuza pombe, kule mwaloni wanakoshusha samaki. Walishapatana naye. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikashika kitasa, nikarudi."

"Ulirudi kwa nini?"

"Kwa sababu yako. Niliona nikiingia mle nimekusaliti. Nikasema siwezi kumgusa mwanamke mwingine wakati nakupenda wewe. Nikasema bora iwe wewe. Mtu anayependwa mkosi haumkamati. Niliamini hivyo. Bado naamini."

Justa alicheka, na kicheko kile hakikuwa na furaha ndani yake.

"Umesikia ulichosema, Revo? Yule usiyempenda ukamhurumia, ukamwachia mlango wake. Mimi unayenipenda ukanipandisha meli."

Justa aliona maneno yale yakimwingia, moja moja, kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha aliyokuwa hajaielewa mpaka leo. Revocatus akakaa chini, kwenye mchanga, na nguo zake zilizolowa. Justa akakaa pia, hatua mbili kutoka kwake. Mkono wake ulitaka kwenda begani kwa Revocatus. Akaukalia.

"Alikufa na nini?"

"Mkosi wa..."

"Nimeuliza ugonjwa."

"Alikonda. Alikohoa. Daktari aliandika kwenye karatasi. Sikuisoma."

"Iko wapi?"

"Sandukuni. Chini ya nguo zake."

"Na wewe umepima damu?"

Revocatus alitazama ziwa. Kwa mbali wadudu wa ziwani walikuwa wamenyanyuka juu ya maji kama moshi mweusi, wakizunguka, wakisogea.

"Nimekuuliza, fundi. Jokofu likikataa kugandisha, unaliombea au unalifungua?"

"Nalifungua."

"Hata kama unajua ndani limeoza?"

"Hapo ndipo unalifungua haraka." Sauti yake ilikatika. "Naogopa, Justa. Mkosi una dawa. Ile karatasi haina."

Hapo Justa alimtazama, si kama mpenzi anavyomtazama mpenzi, bali kama muuza nguo. Shati la bluu. Hakukuwa na upepo hata kidogo, lakini mishono ya mabega ilikuwa imeshuka mpaka karibu na misuli ya mkono, na kola ingeweza kuingiza ngumi. Mwezi wa pili lilimkaa kama lililoshonwa. Nguo haikui. Machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka kwa hasira yalitoka sasa, kimya, na hakuyafuta.

Meli ikapiga honi ya kwanza.

"Usiondoke," Revocatus alisema. "Tuchukue namba saba. Wewe ulale kitandani, mimi nilale barazani. Sitakugusa."

"Wewe ungekaa barazani. Mimi ndiye nisingekuacha huko."

Alisema hivyo kwa upole, na ulikuwa ukweli mtupu. Revocatus akainua uso, na kwa muda walitazamana jinsi walivyotazamana siku ile ya tatu kibandani, alipokuja hatafuti kitu.

"Mama yangu alitaka jana yako," Justa alisema. "Ilete. Isome ile karatasi, uende hospitali upate ya kwako, uje nazo zote mbili Buswelu. Zikiwa mbaya, njoo. Zikiwa nzuri, njoo."

"Na utanipokea?"

"Sikuahidi ndoa. Nakuahidi nitafungua mlango."

"Nikusindikize mpaka gatini."

"Hapana. Nikikutazama mara ya pili, nitabaki." Akasimama, akakung'uta mchanga kwenye sketi yake, na hakugeuka.

*

Kitabu kilikuwa bado wazi barazani. Justa alikamilisha mstari wake. Kwenye safu ya Uendako akaandika: Buswelu, kwa mama. Kwenye mstari wa Revocatus kalamu ilisimama muda mrefu, kisha akaiweka chini, safu ile akaiacha tupu. Hakuwa na haki ya kumwandikia.

Akachukua begi lake. Na ufunguo wenye kibao cha namba nne akaushika mkononi.

"Bi mkubwa, huu nakwenda nao."

Bi Mwaija aliutazama ufunguo, akautazama mlango wa chumba. "Sina wa akiba."

"Najua."

"Akiuulizia?"

"Mwambie uko Buswelu. Anajua aje na nini."

"Nenda nao, mwanangu. Bila ufunguo hataleta mwingine namba nne kabla ya mwaka wake kwisha."

Honi ya pili ilimkuta njiani, na safari hii Justa hakubishana na Ngosha. Alipanda nyuma ya baiskeli, begi mapajani, na Ngosha akakanyaga pedali kama anayefukuzwa.

"Dada, ndio kwanza mmefika! Mmegombana?"

"Endesha."

"Naendesha. Ila yule kaka mimi simfananishi, ni yeye." Alikwepa jiwe. "Mwaka jana alikuja na mgonjwa. Leo nilipowaona gatini nikasema, haya, sasa na yeye ameletwa. Nikadhani dada ndiye muuguzi."

Justa aliminya kibao cha mti mpaka pembe zake zikamchoma kiganjani.

Meli iling'oka gatini saa tisa na dakika chache. Justa alisimama daraja la tatu, kati ya vikapu vya machungwa, akatazama nyuma ingawa alikuwa ameapa hatatazama. Revocatus alikuwa amesimama mwisho wa gati, peke yake, hana begi, amekuja mbio. Hakupunga mkono. Shati la bluu lilipepea kumzunguka kama nguo iliyoanikwa kambani. Mabaharia walisukuma magugu kwa miti yao, meli ikapenya, na nyuma yake majani yakaanza kurudiana, moja baada ya jingine, mpaka kati yake na gati pakawa shamba tupu la kijani.

Ufunguo ulikuwa umepata joto mkononi mwake. Akaufunga kwenye pindo la kanga aliyojitanda, mafundo mawili, akaanza kuhesabu ni siku ngapi mpaka Jumatatu.